Sukari ya Zohali

Mkemia wa Ulaya wa karne ya 16 aliyetaka kutengeneza sukari ya Zohali hakuhitaji vitu vingi. Alihitaji unga wa oksaidi ya risasi, wa rangi ya manjano inayoelekea wekundu, ambao wasafisha fedha waliukwangua kwenye tanuri zao kama takataka. Alihitaji siki kali, na alihitaji subira. Unga uliyeyushwa ndani ya siki juu ya moto mdogo, maji yakachujwa, kisha yakaachwa yapungue na kupoa. Kesho yake chini ya chombo palikuwa na chembe nyeupe zinazong'aa, nyembamba kama sindano. Mkemia akachovya kidole, akalamba. Tamu.

Kulamba hakukuwa uzembe. Siku zile ulimi ulikuwa kifaa cha kazi sawa na mizani, na vitu vilipangwa kwa uchachu, uchungu, ukali au utamu wake. Kwa hiyo chembe zile zikaandikwa kwenye vitabu vya Kilatini kwa jina la saccharum Saturni. Sukari, kwa sababu ya ladha. Zohali, kwa sababu ya risasi. Wanazuoni wa kale, Waarabu kwa Wazungu, walikuwa wamezigawia sayari saba metali saba: Jua likapata dhahabu, Mwezi fedha, Zuhura shaba, Mirihi chuma, Mshtarii bati, Utaridi zebaki. Zohali, sayari ya mbali kuliko zote walizozijua na yenye mwendo wa kujikokota, ikaachiwa risasi, metali nzito, baridi, isiyotoa mlio ukiigonga. Mpaka leo madaktari wa Ufaransa huuita ugonjwa wa sumu ya risasi saturnisme, kana kwamba mgonjwa amepatwa na nyota mbaya.

Kemia ya sasa inaiita asetati ya risasi. Ni jina kavu, lisilo na ladha yoyote, na nitalitetea mbele ya safari. Kwani mkasa wa kitu hiki na ndugu zake ni mkasa wa watu waliojua kwa miaka elfu mbili kwamba kinaua, na wengine, aghalabu wenye bidhaa ya kuuza, waliokiita kwa majina ya kupendeza.

Tuanze na Roma. Warumi hawakuwa na sukari ya miwa mezani. Walikuwa na asali, na walikuwa na maji ya zabibu yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Yakipungua hadi nusu, Plinius aliyaita defrutum. Yakibaki theluthi, sapa. Yaliingia kwenye michuzi, kwenye matunda ya kuhifadhi, na zaidi ya yote kwenye mvinyo, kwa kuwa yaliutamisha na kuuzuia usichache. Columella, mwandishi wa kilimo wa karne ya 1 aliyezaliwa Gades kule Hispania, aliwashauri wakulima wayachemshie katika vyombo vya risasi badala ya vya shaba, maana shaba ikipikiwa kitu chenye asidi hutoa kutu na kuharibu ladha. Kwa upande wa ladha alikuwa sahihi kabisa. Asidi ya zabibu iliitafuna risasi ya sufuria, na kilichotoka kilikuwa kitamu. Watafiti waliokuja baadaye kupika sapa kwa mapishi ya Kirumi walikuta mamia ya miligramu za risasi katika kila lita. Shirika la Afya Duniani leo linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 kwa lita.

Na wala haikuwa siri kwamba risasi ina madhara. Karne ya 2 kabla ya Kristo, Nikandro wa Kolofoni alikwisha kueleza hali ya mtu aliyekunywa unga mweupe wa risasi: kinywa kukauka, ulimi kuwa mzito, viungo kulegea. Vitruvius, mjenzi wa zama za Augustus, alisema maji ya kunywa yapitishwe kwenye mabomba ya udongo kuliko ya risasi, na ushahidi wake ulikuwa rahisi: watazameni mafundi wa risasi walivyopauka. Lakini hakuna aliyeunganisha sura ya fundi na kikombe cha bwana mkubwa. Mwaka 1983 mwanasayansi Jerome Nriagu aliandika kwamba risasi ndiyo iliyowapa watawala wa Roma jongo na wazimu, na hata ikachangia kuiangusha dola. Mwaka uliofuata John Scarborough, mwanahistoria wa tiba, alimjibu kwa ukali kwamba maandiko ya kale hayabebi mzigo huo. Nakaa upande wa Scarborough. Dola huanguka kwa mambo mengi, na tumbo la Kaisari ni mojawapo tu. Ila kwamba wanywaji wengi wa Roma walikunywa risasi kila siku, hilo halina ubishi.

Sasa turuke karne nyingi, tutue Ujerumani ya kusini, miaka ya 1690. Miaka ile ilikuwa ya baridi isiyo ya kawaida. Zabibu hazikuiva vizuri, mvinyo ukatoka mkali wa kuparua koo, na juu yake kulikuwa na vita na Ufaransa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mvinyo ule ulihitaji miguu ya kutembelea.

Mjini Ulm palikuwa na daktari wa mji aitwaye Eberhard Gockel. Mwaka 1694 aliitwa kuwatazama watawa wa monasteri mbili za karibu waliokuwa wakiugua. Aliwakuta na msokoto wa tumbo wa kutisha, choo kimefunga siku nyingi, mikono imelegea, wengine wakitetemeka. Ugonjwa huo ulikuwa na jina la heshima katika vitabu, colica Pictonum, yaani msokoto wa watu wa Poitou, kwa kuwa François Citois, daktari wa jimbo hilo la Ufaransa, ndiye aliyeueleza kwa kirefu mwaka 1616. Citois alijua wagonjwa walikuwa wanywaji wa mvinyo, lakini asili yake hakuipata.

Gockel alifanya jambo ambalo leo tungeliita upelelezi wa maradhi. Aliangalia nani hajaugua. Akakuta watawa wasiokunywa mvinyo wapo wazima. Yeye mwenyewe alikaribishwa kinywaji cha wageni monasterini, na muda si mrefu tumbo lake likaanza kumkata. Ndipo akaanza kuuliza: mvinyo huu umetoka wapi, na umefanywa nini kabla haujafika hapa? Maswali yakamfikisha kwa mfanyabiashara wa mvinyo aliyempa mapishi yake bila kuona aibu, kwa sababu hakuona ubaya. Kiungo kikuu kilikuwa unga ule ule wa tanuri za fedha. Sokoni uliitwa Silberglätte, ulaini wa fedha.

Gockel akarudi nyumbani, akachukua mvinyo mbaya kuliko wote alioweza kuupata, akaufuata utaratibu wa yule bwana. Mvinyo mchachu ukageuka kinywaji kizuri, kitamu, chenye kushuka vizuri. Maelezo yake kwa kemia ya leo ni mafupi. Mvinyo unaoharibika unageuka siki; oksaidi ya risasi ikikutana na siki inazaa asetati ya risasi; kwa mpigo mmoja uchachu unaondoka, utamu unaingia, na vijidudu vinavyoendeleza kuharibika vinakufa. Muuzaji asiye na dhamiri hangeweza kuomba zaidi ya hapo.

Kilichomwezesha Gockel kufunga mjadala ni kitabu alichokwisha kukisoma. Mwaka 1656 Samuel Stockhausen, daktari wa Goslar, alichapisha kazi juu ya wachimbaji na wayeyushaji wa madini wa mji wake. Aliona kuwa wale wanaovuta moshi wa oksaidi ya risasi hupata msokoto wa tumbo, kisha pumzi kubana, kisha kupooza. Gockel akaziweka dalili za wachimbaji kando ya dalili za watawa. Zilikuwa zile zile. Watu waliokuwa na maisha tofauti kama usiku na mchana, mmoja tanurini na mwingine kanisani, walikuwa na sumu moja ndani ya miili yao. Aliyachapisha mambo hayo mwaka 1697.

Serikali ya jirani haikusubiri kitabu. Eberhard Ludwig, mtawala wa Württemberg, kijana wa takriban miaka 20, alitoa amri mwaka 1696 kwamba atakayetia mvinyo risasi atauawa na mali yake itataifishwa. Haikuwa maneno matupu. Mwaka 1706 fundi wa mapipa wa Esslingen aitwaye Ehrni alikatwa kichwa kwa kosa hilo. Hatupaswi kudhani ilikuwa huruma kwa wanywaji pekee, maana mvinyo ndio uliokuwa uhai wa biashara ya nchi ile, na sifa ya mvinyo wa Württemberg ilikuwa imeanza kunuka.

Sheria ikishakuwepo, inahitaji kipimo. Wakaguzi walibuni dawa ya majaribio iliyotengenezwa kwa chokaa na madini ya aseniki yenye salfa, inayotoa gesi ya mayai viza. Ukiidondosha kwenye mvinyo wenye risasi, mvinyo unakuwa mweusi. Tatizo ni kwamba chuma kidogo cha pipa nacho kiliweza kuleta weusi, na mtu asiye na hatia akafikishwa mbele ya hakimu. Mwaka 1788 Samuel Hahnemann, yule yule aliyekuja baadaye kuanzisha homiopathia, aliikamilisha dawa hiyo kwa kuitia asidi, ili chuma kisiweze kutoa ushahidi wa uongo. Weusi unaoonekana ni salfaidi ya risasi. Watu wa pwani na wa Ghuba wanaijua bila kujua: aina nyingi za wanja wa jiwe zilizopimwa Oman na nchi jirani zimekutwa zimetengenezwa kwa galena, ambayo ni hiyo hiyo salfaidi ya risasi iliyochimbwa ardhini.

Ungetarajia kwamba baada ya Ulm mambo yangekwisha. Hayakwisha, kwa sababu habari za Ulm zilikaa Ulm. Ng'ambo ya bahari, bunge la Massachusetts lilipiga marufuku mwaka 1723 vichwa na mabomba ya risasi katika mitambo ya kukeneka ramu, baada ya wanywaji wa Carolina ya Kaskazini kulalamika kwamba ramu ya kaskazini inawapooza. Uingereza nako, kila msimu wa mvinyo wa matofaa ulipofika katika jimbo la Devon, hospitali zilijaa watu wanaojikunja kwa maumivu. Daktari John Huxham aliyaandika mwaka 1739 akalaumu ukali wa matofaa. Mwaka 1767 George Baker, mwenyewe mzaliwa wa Devon, alisimama mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London akauliza swali la Gockel kwa namna nyingine: mbona Hereford wanakunywa mvinyo wa matofaa kuliko sisi na hawaugui? Jibu lilikuwa kwenye mashinikizo. Devon, mawe ya shinikizo yaliunganishwa na kufunikwa kwa risasi, Hereford, hapana. Akaupima mvinyo wa Devon akatoa risasi ndani yake, akaupima wa Hereford hakuikuta. Watu wa kwao walimshambulia, wakiwemo mapadri na wenye mashamba ya matofaa, kwa kosa la kuwaharibia biashara. Baadaye Baker akawa tabibu wa Mfalme George wa Tatu, kwa hiyo tusimhurumie sana.

Benjamin Franklin, ambaye katika ujana wake alikuwa mpiga chapa na alijua jinsi herufi za risasi zilizopashwa moto zinavyouma viungo vya mikono, alimwandikia rafiki yake barua mwaka 1786 akiyakusanya mambo haya yote. Alichoshangaa si ugonjwa. Alishangaa ukweli wenye manufaa unavyoweza kujulikana kwa miaka na miaka bila kufuatwa.

Na wakati Baker anapigana na watu wa kwao Devon, sukari ya Zohali ilikuwa ikiuzwa kwenye maduka ya dawa. Thomas Goulard, daktari mpasuaji wa Montpellier, alichapisha mwaka 1760 kitabu cha kuzisifu dawa za risasi kwa vidonda, uvimbe na ngozi inayowasha. Maji yake, yaliyoitwa dondoo ya Zohali au maji ya Goulard, yalipakwa Ulaya nzima kwa zaidi ya karne moja. Yalifanya kazi, kwa kiasi fulani, maana asetati ya risasi hukaza ngozi na kukausha majimaji. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kuyaacha. Wapaka rangi vitambaa nao waliitumia kushikisha rangi, na watengenezaji wa vipodozi waliiweka kwenye dawa za kuficha mvi. Huko ilidumu kupita kiasi: Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilikuja kufuta ruhusa yake kwenye rangi za nywele mwaka 2018.

Kuhusu nywele, nitaje kisa kimoja. Beethoven alifariki Vienna mwaka 1827, kiziwi, mwenye tumbo lililomsumbua kwa miaka mingi, na mpenzi mkubwa wa mvinyo wa bei nafuu. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba shungi la nywele zake lina risasi nyingi, dunia ikasadiki. Mwaka 2023 vinasaba vikaonyesha shungi lile lilikuwa la mwanamke. Ingekuwa mwisho wa hadithi, lakini mwaka 2024 mashungi mawili yaliyothibitishwa kuwa yake kweli yalipimwa yakakutwa na mikrogramu 258 na 380 za risasi kwa kila gramu ya nywele, ilhali kiwango cha kawaida hakifiki 4. Waliopima walisema kwa uangalifu kwamba kiasi hicho hakitoshi kusema ndicho kilichomuua. Kinaweza kueleza tumbo.

Mwaka 1787, Paris, watu wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walichapisha utaratibu mpya wa kuvipa majina vitu vya kemia. Waliyatupa majina ya zamani kwa mikupuo: siagi za antimoni, maua ya salfa, mafuta ya vitriolo, sukari ya Zohali. Kanuni yao ilikuwa kwamba jina liseme kitu kimeundwa na nini. Kilichotoka kwenye risasi na asidi ya siki kiitwe kwa risasi na kwa asidi hiyo. Wapo waliolalamika kuwa majina hayo ni magumu na hayana uzuri. Ni kweli hayana. Lakini mtu akisoma kwenye chupa kwamba ndani mna asetati ya risasi, hawezi kusema hakuambiwa. Sifa hiyo sukari ya Zohali haikuwa nayo hata siku moja, na hapo ndipo ninapolitetea jina kavu.

Miaka hamsini baadaye hospitali ya Charité ya mjini humo ilikuwa imejaa wapaka rangi, wasaga rangi na wayeyushaji. Louis Tanquerel des Planches alitoa mwaka 1839 kitabu kinene kilichotokana na wagonjwa zaidi ya elfu moja wa aina hiyo, kazi ambayo hakuna daktari aliyeweza kuikwepa tena. Mwaka mmoja baadaye, London, Henry Burton alitoa alama iliyofanya utambuzi uwe rahisi hata kwa mwanafunzi: mwinue mgonjwa mdomo, utazame ufizi. Pale ufizi unapokutana na meno, mwenye risasi mwilini ana mstari mwembamba wa buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Vijidudu vya kinywa hutoa salfa kidogo, salfa inaikuta risasi iliyomo kwenye damu ya ufizi, inageuka salfaidi. Ni kipimo cha mvinyo cha Württemberg, kinajifanya chenyewe ndani ya mdomo wa mtu.

Karne ya 20 ilipoingia, hakuna msomi aliyeweza kujitetea kwamba hajui. Kwa hiyo kilichofuata hakina udhuru.

Tarehe 9 Desemba 1921, katika maabara ya kampuni ya General Motors huko Dayton, Ohio, Thomas Midgley na wenzake walitia kimiminika kipya kwenye petroli, na injini iliyokuwa ikigonga ikatulia. Kimiminika hicho kilikuwa tetraethili ya risasi, kilichojulikana kwa wakemia tangu 1853 bila kuwa na matumizi, kwa sababu kilikuwa hatari mno. Spiriti ya kawaida nayo huituliza injini, na Midgley alilijua hilo. Ila spiriti kila mkulima anaweza kuikeneka, na haina hataza. Mkubwa wake, Charles Kettering, akachagua jina la biashara. Akachukua kipande kimoja cha jina la kikemia, akaacha kingine. Petroli ile iliyoanza kuuzwa Februari 1923 iliitwa Ethyl. Risasi haikutajwa. Kanuni ya Paris ya 1787 ilikuwa imepinduliwa na idara ya mauzo.

Oktoba 1924, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi walianza kuona vitu visivyokuwepo. Walipiga kelele, walijirusha, baadhi wakafungwa mikono ili wasijidhuru. Watano walikufa, na wengine zaidi ya thelathini wakalazwa. Magazeti yakakiita kimiminika kile gesi ya wehu, na kwa mara ya kwanza jina la mtaani likawa na ukweli kuliko la dukani. Midgley aliwaita waandishi wa habari, akajimwagia kimiminika mikononi, akavuta mvuke wake kwa dakika nzima, akasema angeweza kufanya hivyo kila siku. Hakuwaambia kwamba mwanzoni mwa mwaka 1923 yeye mwenyewe alikuwa Florida akijiuguza sumu ya risasi.

Mwezi Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano. Alice Hamilton, bingwa wa maradhi ya viwandani na mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard, alisema wazi kwamba risasi ikishatoka kwenye mabomba ya moshi haitadhibitika tena. Kamati ikaundwa, ikapima madereva na makanika kwa miezi michache, ikasema haioni sababu ya kuzuia. Mauzo yakaendelea mwaka 1926, na yakaenea ulimwengu mzima pamoja na magari.

Aliyekuja kuyasimamisha alikuwa akitafuta kitu kingine. Clair Patterson alipima risasi iliyomo kwenye kimondo ili ajue umri wa dunia, akaupata: miaka bilioni 4.55, alivyochapisha mwaka 1956. Lakini kila alipopima alikuta risasi imejaa maabara nzima, vumbini, kwenye nywele, kwenye maji ya kuoshea vyombo. Akafuata nyayo zake hadi kwenye petroli, na mwaka 1965 akaandika kwamba wanadamu wa zama hizi wanabeba risasi nyingi mno kuliko wahenga wao, na wanaiona ni hali ya kawaida kwa kuwa hawajawahi kumwona asiyenayo. Alinyimwa fedha za utafiti, akatengwa kwenye kamati. Barafu ya Greenland ilikuja kumpa haki: tabaka zake zinaonyesha risasi ikipanda na viwanda, ikipaa na magari, na chini kabisa kuna kilima kidogo cha zama za Warumi, moshi wa tanuri zao za fedha uliosafiri hadi ncha ya kaskazini.

Mwilini risasi hujifanya chokaa ya mifupa. Huingia mfupani na kukaa humo kwa miongo, ikirudi damuni kidogo kidogo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto. Zohali hulizunguka Jua kwa takriban miaka 29 na nusu, muda usio mbali na ule ambao mfupa huchukua kuipunguza nusu ya risasi yake. Wale wanazuoni wa sayari saba hawakujua hilo, lakini kwa mwendo wa kujikokota hawakukosea.

Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar, Juni 2001, kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeiacha. Agosti 30, 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza kutoka makao yake Nairobi kwamba Algeria, nchi ya mwisho iliyobaki, imeacha kuiuza mwezi Julai. Takriban karne nzima tangu Dayton.

Petroli ikasafika, lakini betri zikaongezeka. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 ubavuni mwa nyumba za watu wapatao 3,000. Phyllis Omido, aliyeajiriwa humo, aliuguliwa na mwanawe, na vipimo vikakuta risasi damuni mwa mtoto. Akaacha kazi, akapigana. Kiwanda kilifungwa 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020, rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Stockhausen angeyatambua malalamiko ya wazazi wale moja kwa moja, maana aliyasikia Goslar.

Na chakula je? Mwaka 2023, mamia ya watoto wa Marekani walikutwa na risasi baada ya kula matunda yaliyosagwa na kutiwa mdalasini uliosagwa Ekuador. Mdalasini huo ulikuwa na kromati ya risasi, rangi ya viwandani. Kisa cha Bangladesh kina mafunzo zaidi kwa yeyote anayenunua viungo kwa macho. Huko, tangu miaka ya 1980, baada ya mafuriko kuyaacha manjano yamelowa na kufifia, wenye vinu vya kusafisha walianza kuyasugua kwa rangi ya kromati ya risasi ili yang'ae. Rangi hiyo waliiita peuri. Ndilo neno lililotumika kinuni na dukani, na wengi wa walioitumia walijua tu kwamba inaleta mng'ao na bei. Watafiti walipochunguza masoko mwaka 2019, manjano yenye risasi yalikuwa asilimia 47 ya sampuli. Serikali ikatangaza kwenye magazeti na mabango kwamba peuri ni risasi, ikapeleka wakaguzi na mashine za mkononi za eksirei kwenye soko la jumla la Dhaka, na wafanyabiashara wawili wakatozwa faini mbele ya kamera za televisheni. Mwaka 2021 sampuli zilipokusanywa tena, hakuna hata moja iliyokutwa nayo, na risasi katika damu ya wafanyakazi wa vinu ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 30.